Kompyuta ya Mjomba, au Jinsi ya Kutafuta Kosa Mfumo Unapokataa Kuingia

Tangu tufungue muhula huu wenzangu wengi wamenijia bwenini kuniuliza habari za kompyuta niliyomwundia mjomba wangu huko Tororo wakati wa likizo. Wengine wamesikia kwamba niliiharibu, na wengine kwamba niliimaliza kwa siku moja. Yote mawili si kweli. Nimeona vema niandike habari yenyewe jinsi ilivyokuwa, pamoja na makosa yangu, kwa kuwa wapo miongoni mwetu wanaotaka kununua vipande na kuunda kompyuta zao wenyewe, na bila shaka watapatwa na mengi kati ya yaliyonipata mimi.

Mjomba ana kibanda cha kupiga chapa na kutoa nakala. Kompyuta yake ya zamani ilikufa mwezi wa Julai. Alipouliza bei ya mashine mpya iliyokwisha kuundwa aliona hawezi. Basi mimi, kwa kiburi cha mtu wa Kidato cha Sita asomaye Fizikia, nikamwambia kwamba tukinunua vipande naweza kuiunda mwenyewe, na bei itapungua. Alinyamaza siku mbili, kisha akauza mtamba mmoja akanikabidhi shilingi 1,600,000. Mama aliposikia alinivuta kando akaniuliza, "Mwanangu, ukishindwa utamlipa mjomba wako kwa kitu gani?" Sikuwa na jibu. Zaidi ya hayo mjomba alikuwa amekwisha kukubali kazi ya kuchapa karatasi za mitihani ya kufungulia muhula za shule moja ya msingi, nazo zilitakiwa Jumatatu asubuhi. Mimi nilishuka kwenye basi la kutoka Kampala, na vipande vyangu katika gunia, siku ya Alhamisi jioni.

Vipande vilikuwa hivi: prosesa ya Intel ya kizazi cha 12, madabodi yake, diski ndogo aina ya NVMe ya gigabaiti 500, kisanduku cha umeme, kasha, na kijiti kimoja cha RAM cha gigabaiti 8. Kijiti cha pili cha gigabaiti 8 sikukinunua. Nilipewa na mwanafunzi mmoja wa zamani wa shule hii afanyaye kazi ya kompyuta Nairobi, naye alikituma kwa basi mpaka Malaba. Tafadhali msomaji akumbuke kijiti hiki.

Habari za kufunga skrubu sitazirefusha, maana kila madabodi huja na kitabu chake, na mwenye kusoma kitabu hapotei. Nitaja jambo moja tu. Ijumaa asubuhi nilipowasha mara ya kwanza, feni zilizunguka lakini skrini ilikaa nyeusi kama usiku. Mjomba alinitazama bila kusema neno. Baada ya robo saa niliona kwamba nilisahau waya mmoja. Madabodi hulishwa umeme kwa njia mbili: waya mpana wa pini 24, na mwingine mdogo wa pini 4 au 8 ulio karibu na prosesa, ambao ni wa prosesa peke yake. Ule wa pili usipochomekwa, feni zitazunguka vizuri na kukudanganya. Nikauchomeka, picha ikaja.

Sasa yafaa nieleze kidogo kompyuta hufanya nini inapoamka, kwa sababu asiyejua mpango huu atatafuta kosa gizani. Prosesa yenyewe haina akili ya kujua diski iko wapi. Katika madabodi mna kipande kidogo chenye programu ya kudumu, nayo ndiyo ya kwanza kusema. Zamani iliitwa BIOS, jina lililotoka kwa Gary Kildall, Mmarekani aliyeandika mfumo wa CP/M katika miaka ya 1970. IBM ilipotoa kompyuta yake mwezi wa Agosti 1981 jina hilo likaenea ulimwenguni. Siku hizi programu hiyo ni mpya na inaitwa UEFI, ingawa watu wengi bado huiita bayosi. Kazi yake ni kuhesabu vitu vilivyomo: hii ni RAM, hii ni diski, hii ni kibodi. Kisha hutafuta diski au flashi yenye faili la kuanzishia mfumo, na ikilipata humkabidhi kazi mwenyeji mpya, ndiyo Windows, au Linux, au mwingineo. Kwa hiyo kuna makabidhiano mawili au matatu kabla hujaona picha ya Windows, na kosa laweza kuwa katika kila kabidhi.

Flashi yangu nilikuwa nimeitengeneza shuleni kabla ya kufunga, kwa programu itolewayo na Microsoft wenyewe. Hapa wengi hukosea. Hupakua faili la mfumo wakalinakili katika flashi kama wanavyonakili picha au nyimbo, kisha hushangaa kwamba kompyuta hailioni. Faili lile ni kama mzigo uliofungwa, na sharti programu maalumu iufungue na kuupanga katika flashi ili UEFI iweze kuusoma. Tulichagua Windows 11 kwa kuwa wateja wa mjomba huleta kazi zao kwa Word, na kwa kuwa msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 hudai kiwe ndani kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0. Katika prosesa kama yetu kimo ndani yake, hakinunuliwi, ila katika madabodi nyingine hukutwa kimezimwa na lazima kiwashwe katika UEFI kwa jina la PTT. Chetu kilikuwa kimewashwa.

Nilipokuwa humo katika kurasa za UEFI niliona neno XMP, na kando yake maelezo kwamba ukiliwasha RAM itakwenda kwa kasi ya 3200 badala ya 2666. Vijiti vyote viwili vilikuwa vimeandikwa 3200. Nikaliwasha, nikajisifu moyoni, nikaendelea.

Shida kubwa ya kwanza ilikuwa hii. Programu ya kutia Windows ilianza vizuri, ikaniuliza lugha na kibodi, lakini ilipofika mahali pa kuchagua diski ikaonyesha ukurasa mtupu. Hapana diski hata moja. Mjomba alikuwa amesimama nyuma yangu, akasema polepole, "Mpwa wangu, diski si ile niliyokuona ukiitia?"

Nilitaka kuifungua mashine nikaitoe diski na kuirudisha, kama afanyavyo mtu anayepiga redio kofi ili iseme. Lakini nikakumbuka mwalimu wetu wa Fizikia, ambaye hutuambia kwamba kabla ya kugusa kitu tuwaulize mashahidi. Nikarudi katika UEFI, nikakuta diski imeandikwa pale, jina na ukubwa wake. Basi mashahidi wawili hawakupatana. UEFI husema diski ipo, na programu ya Windows husema haipo. Kama diski ingekuwa mbovu au imechomekwa vibaya, wote wawili wangeikosa. Kwa hiyo diski ni nzima, na anayekosa ni Windows, naye anakosa draiva, yaani programu ndogo ya kumfundisha jinsi ya kusema na kifaa.

Na ndivyo ilivyokuwa. Katika madabodi nyingi za Intel tangu kizazi cha 11 kuna mpango uitwao VMD, uliofanywa kwa ajili ya watu wenye diski kadhaa wanaotaka zifanye kazi kama moja. Mpango huo ukiwa umewashwa, diski hujificha nyuma yake, na flashi ya Windows kwa kawaida haina draiva ya kuufikia. Dawa ni mbili. Ya kwanza ni kuipata draiva hiyo kwa mtengenezaji wa madabodi, kuitia katika flashi, na kuionyesha kwa programu pale inapouliza. Ya pili ni kuuzima mpango wa VMD katika UEFI. Mwenye diski moja kama sisi hana haja nao, basi nikauzima, nikaanza tena, diski ikaonekana. Ila nawaonya wenzangu: mfanye hivyo kabla ya kutia mfumo. Mtu akibadili mpango huo baada ya Windows kukaa ndani, yawezekana isiamke tena.

Hapo palitokea jambo la kuchekesha kidogo. Mjomba alisoma ukubwa wa diski akakuta 465, naye alikuwa amelipia 500. Akasema tumeibiwa gigabaiti 35 na anataka risiti. Ilinibidi nichukue karatasi. Mtengenezaji huhesabu kwa maelfu, hivyo 500 kwake ni baiti bilioni 500. Windows huhesabu kwa 1,024, na 1,024 mara tatu ikizidishwa kwa yenyewe ni 1,073,741,824. Gawanya bilioni 500 kwa hesabu hiyo, utapata 465 na kitu. Mjomba alifuata hesabu yote mpaka mwisho, kisha akasema kwamba mtu auzaye sukari kwa hesabu ya namna hiyo angefungwa.

Tukaendelea. Asilimia zikaanza kupanda, 10, 15, 20, na mimi nikaanza kufikiri chakula. Zilipofika 27 ikasimama, ikaja karatasi ya maneno kwamba Windows haiwezi kutia mafaili yanayohitajiwa, na namba 0x8007025D. Nikarudia. Ikashindwa tena. Mara ya tatu umeme ulikatika mtaa mzima, na hilo likanichanganya zaidi, maana sasa sikujua kama kosa ni la mashine au la umeme wetu.

Usiku huo nikampigia simu yule mwanafunzi wa zamani wa Nairobi. Nikamwambia, "Kaka, imekataa." Akanijibu, "Bwana mdogo, usiniambie imekataa. Niambie imesema nini, na imesemea wapi." Nikamsomea namba ile. Akauliza, "Je, hukwama pale pale kila mara, au huhama?" Sikujua. Mara ya kwanza niliona 27, mara ya pili nilikuwa nimegeuka. Akaniambia nichukue daftari, nirudie mara tatu, nisibadili kitu, niandike tu. Huko kukaa bila kubadili kitu, na Jumatatu inakuja, kulinitesa kuliko kazi yenyewe. Daftari langu la Jumamosi asubuhi linasema hivi: 61, kisha 14, kisha 33.

Hapa ndipo penye kiini cha habari yangu. Kama flashi ina doa, yaani sehemu moja ya faili imeharibika, programu itakwama kila mara ifikapo kwenye sehemu hiyo, ni sawa na gari linaloangukia shimo lile lile. Kosa linalohama halikai katika faili. Linatoka katika kitu kinachotenda vibaya wakati mmoja na vizuri wakati mwingine: umeme usiotulia, joto, au RAM. Lakini kwa kweli bado nilitamani iwe flashi, kwa kuwa flashi ni rahisi.

Basi Jumamosi mchana nilikwenda ofisi ya parokia, ambako wana intaneti na kisanduku cha betri kinachotuliza umeme. Nilipanda bodaboda, nimelipakata kasha kama mtoto mgonjwa, na kila shimo la njia nililisikia katika mbavu. Pale nikatengeneza flashi mpya kabisa, tena nikaiwasha mashine kwa umeme wa betri. Ikakwama asilimia 44.

Nilikuwa nimevunja kanuni ya mwalimu, maana nilibadili vitu viwili kwa mara moja. Lakini nilipofikiri njiani niliona kwamba safari hii halikunidhuru. Ukibadili vitu viwili na mashine ikapona, hujui ni kipi kilichoiponya. Ukibadili viwili na isipone, umewaachilia washitakiwa wote wawili. Flashi na umeme wakatoka. Joto nalo likatoka, kwa kuwa UEFI ilionyesha kwamba prosesa haikuwa na joto la kutisha. Ikabaki RAM.

Wengine watauliza, RAM inahusikaje na faili lililo katika flashi? Ni hivi. Mafaili ya Windows yamebanwa pamoja katika faili moja kubwa. Ili yafunguliwe, husomwa vipande vipande mpaka ndani ya RAM, hufumuliwa humo, kisha huandikwa katika diski. Kila kipande kina hesabu yake ya uhakika. Programu hukokotoa hesabu hiyo tena, na zisipolingana husema faili limeharibika. Sasa, RAM ikigeuza tarakimu moja tu, sifuri ikawa moja, hesabu haitalingana, na programu italilaumu faili ambalo halina kosa lolote. Karatasi ya maneno huonyesha mahali kosa lilipoonekana, nayo haina njia ya kujua lilipozaliwa.

Kwa kompyuta ya parokia nikatengeneza flashi nyingine ya Memtest86+, programu isiyolipiwa ambayo huamka yenyewe bila Windows, huandika na kusoma kila chumba cha RAM kwa namna nyingi. Nikarudi nyumbani, nikaiwasha saa kumi na mbili jioni. Hazikupita dakika tano mistari myekundu ikaanza kushuka. Namshukuru Mungu mjomba alikuwa ameketi nje.

Nilidhani kijiti cha kutoka Nairobi ndicho kibovu, na nilikuwa nimekwisha kupanga maneno ya kumwambia mtu aliyenipa zawadi. Nikakitoa, nikapima kile cha dukani peke yake. Kipimo kizima cha gigabaiti 8 kilichukua muda mrefu, na hapana kosa. Nikatoa hicho, nikatia kile cha Nairobi katika tundu lile lile. Ilikuwa karibu saa saba usiku kilipomaliza, nacho hakikuwa na kosa hata moja. Nikavirudisha vyote viwili, mistari myekundu ikarudi.

Nilikaa kitandani nikiwa na daftari. Kila kimoja ni kizima, lakini pamoja hawapatani. Ndipo nilipokumbuka XMP. Kasi ile ya 3200 imeandikwa katika kijiti na mtengenezaji wake kama ahadi kwamba kijiti hicho, na pengine pacha wake wa pakiti moja, vinaweza kuibeba. Vyangu havikuwa mapacha. Vilitoka viwanda mbalimbali, na madabodi ilikuwa ikiviendesha vyote kwa mipango ya kasi ya kimoja. Nikaingia katika UEFI, nikazima neno lile nililoliwasha kwa kujisifu, kasi ikarudi 2666. Nikaanzisha kipimo, nikalala. Jumapili asubuhi kabla ya kwenda kanisani nilikuta kimezunguka mara kadhaa, na mahali pa makosa pameandikwa sifuri.

Ninawaomba wenzangu waione hesabu hii. Siku mbili, safari ya bodaboda, na usiku mmoja bila usingizi vilitokana na jambo moja nililolifanya kwa nusu dakika, ambalo mchapaji wa karatasi za mitihani asingeliona faida yake hata kwa mwaka mzima.

Yaliyobaki yalikuwa madogo. Baada ya ibada nikatia Windows, ikapanda mpaka 100 bila kusita. Ikajizima na kuamka, na mara nikaona tena ukurasa wa kuchagua lugha, kana kwamba hatujafanya kitu. Moyo wangu ulishuka, lakini sababu ilikuwa kwamba sikuitoa flashi, na UEFI iliiona kwanza ikaanza upya. Nikaitoa, mambo yakaendelea. Kisha Windows ikadai intaneti kabla ya kuniruhusu kuingia, na hapohapo haikuwa na draiva ya kifaa cha mtandao cha madabodi yetu. Mtu aweza kukwama hapo saa nzima. Nilichukua simu ya mjomba, nikaiunganisha kwa waya wa kuchajia, nikawasha ndani yake mpango wa kugawa intaneti kwa waya. Windows ikaitambua simu, ikapata mtandao, na baadaye ikapakua yenyewe draiva zilizokosekana. Fedha ya data ilikuwa ya mjomba, na aliihesabu.

Leseni hatukuinunua siku ile. Windows hukubali kutiwa kwanza na leseni kufuata, na mjomba aliilipia baada ya kupokea malipo ya kazi ya shule. Mtu mmoja jirani alitaka kutupa namba ya kuiba. Mjomba alikataa, akasema kibanda chake kimeandikwa jina lake mlangoni.

Jumatatu saa moja asubuhi karatasi ya kwanza ya mtihani wa Hesabu ilitoka katika mashine ya kuchapa. Mjomba aliishika juu kwenye mwanga akaitazama mbele na nyuma. Hakunisifu. Alinituma nikamwite mama aje kuona, kisha akaniuliza kama naweza kukaa mpaka Jumatano. Nilipanda basi la shule Alhamisi.

Daftari lile ninalo. Mwenye kutaka kuliona, au mwenye kompyuta inayokataa, anikute katika chumba cha kompyuta siku ya Jumamosi baada ya chakula cha mchana. Aje na maneno kamili ambayo mashine yake imeyasema, yakiwa yameandikwa.

Mwanafunzi wa Kidato cha Sita